Ati "Ako Kwa Siku Zake"? Huu Mzaha Ufike Mwisho

Kuna sentensi moja ambayo karibu kila msichana wa Kenya ameisikia kabla hajamaliza shule. "Mwache, ako kwa siku zake." Kakako anaisema ukikataa kumwoshea sahani. Makanga anaisema ukimdai chenji yako ya hamsini. Bosi anaisema mkitoka kwa mkutano ambapo umeuliza, kwa heshima zote, mbona wewe na mwenzako mnafanya kazi moja na mishahara ni tofauti. Watu wanacheka kidogo, kesi imeisha.

Mimi niliambiwa hivyo kazini, mbele ya watu, siku niliyoleta hesabu iliyoonyesha timu yetu imelipwa pungufu. Hesabu ilikuwa sawa. Hakuna mtu aliifungua. Na sikuwa hata kwa siku zangu, lakini hiyo si hoja. Hata ningekuwa, kujumlisha ni kujumlisha.

Sasa wacha niseme kile nimekuja kusema. Huu mzaha unaumiza wanawake wa aina mbili kwa mara moja. Yule ambaye ni mzima kabisa na ana haki ya kukasirika, anaambiwa ni mgonjwa. Na yule ambaye kweli ni mgonjwa, anaambiwa ni kichekesho. Wote wawili wananyamazishwa, na wote wawili wanarudi nyumbani na shida yao vile ilivyokuwa. Mzaha wa aina hiyo si mzaha. Ni kifuniko.

Kwanza, hata kalenda mmekosea

Wacha tuanze na biolojia kidogo, ile mwalimu aliruka akiona aibu.

Mzunguko wa hedhi unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu. Kwa watu wazima wengi unachukua kati ya siku 21 na 35. Tuseme 28 kwa mfano. Wiki mbili hivi kabla ya hedhi inayofuata, yai linatoka kwenye ovari. Kuanzia hapo homoni inayoitwa projesteroni inapanda. Mimba isipoingia, projesteroni na estrojeni zinashuka kwa haraka, na hapo ndipo damu inakuja.

PMS ni jina la zile dalili za mwili na za akili zinazokuja katika hiyo nusu ya pili, hasa siku chache za mwisho kabla ya damu. Matiti kuuma, tumbo kuvimba, kichwa, uchovu, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, njaa isiyoisha, hasira za karibu, kulia bila kujua unalilia nini, wasiwasi. Halafu damu ikianza, au siku chache baadaye, mambo yanatulia. Hivyo ndivyo inavyotambulika: inakuja, inaenda, na inafuata kalenda.

Umeona? Ni KABLA. Kwa wengi wenye PMS, hizo "siku zake" mnazozitaja ndizo siku akili inaanza kupata nafuu. Tumbo linaweza kuwa linamkata kama kisu, sikatai, lakini hiyo ni shida nyingine na dawa yake ni nyingine. Kwa hivyo wewe buda unayejifanya mtaalamu wa wanawake kwa group ya mabeste zako, hata wiki umekosea.

Ni wengi kiasi gani?

Hapa ndipo watu hupotea pande mbili. Kuna wale wanasema "kila mwanamke anayo, hakuna jipya," na wale wanasema "ni mambo ya wazungu, mama zetu hawakuwa nayo." Wote hawajaangalia namba.

Wanawake wengi sana hupata angalau dalili moja kabla ya hedhi. Matiti kuuma siku mbili, hamu ya chipsi, basi. Huo si ugonjwa, ni mwili ukifanya kazi yake. Wanaopata dalili nyingi kiasi cha kuitwa PMS ni wachache kuliko hao, ila bado ni umati. Mwaka wa 2014 kulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 17 kutoka nchi mbalimbali, na wastani ukawa asilimia 47.8. Karibu nusu. Lakini ndani ya hiyo namba kulikuwa na tofauti kubwa: Ufaransa asilimia 12, Iran asilimia 98. Haimaanishi miili ya Iran imeumbwa tofauti. Inamaanisha jibu linategemea sana vile umeuliza swali, umeuliza nani, na umeweka mstari wapi.

Halafu kuna ile hali kali kabisa, inaitwa PMDD. Hapa hatuzungumzi tena kuhusu kununa. Tunazungumza kuhusu mtu ambaye wiki moja kila mwezi anaingia kwa shimo: huzuni nzito, hasira inayovunja nyumba, wasiwasi, kujiona hana maana, kazi haifanyiki, masomo hayaingii. Halafu damu inakuja na anarudi kuwa yeye. Mwaka wa 2024 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford walikusanya tafiti zenye washiriki zaidi ya 50,000 kutoka mabara sita. Kwa kipimo kikali zaidi, kile cha kuandika dalili kila siku, walipata asilimia 1.6. Sawa na wanawake na wasichana milioni 31 duniani.

Asilimia 1.6 inasikika ndogo? Chukua shule ya wasichana 1,000. Hao ni 16. Wasichana 16 ambao kila mwezi wanapotea wiki nzima, na mwalimu ana neno moja tu la kuwaita: wenye kiburi. Metroni naye ana dawa moja tu, na ni ya kichwa.

Na tuache hii ya "mambo ya kisasa." Daktari wa New York aliyeitwa Robert Frank aliandika kuhusu hali hii mwaka wa 1931. Jina PMS lilitumiwa na Katharina Dalton na Raymond Greene huko Uingereza mwaka wa 1953, miaka kumi kabla Kenya haijapata uhuru. PMDD iliingia kwenye kitabu rasmi cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka wa 2013, na sasa ina nafasi yake kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Shosho zetu walikuwa nayo. Hawakuwa na jina lake, na hawakuwa na mtu wa kumwambia.

Si tabia, na si homoni "zimezidi"

Hii sehemu naipenda kwa sababu inaharibu misemo miwili kwa mpigo: "ni tabia zako" na "homoni zako zimepanda."

Mwaka wa 1998 watafiti wa taasisi ya afya ya akili ya serikali ya Marekani walifanya jaribio rahisi kuelewa. Walichukua wanawake wenye PMS kali na wengine wasio nayo. Wakatumia dawa ya kuzima homoni za ovari kwa muda. Wengi wa wale wenye PMS wakapata nafuu. Baadaye wakarudishiwa homoni, kwa kiwango cha kawaida. Wale wenye historia ya PMS, dalili zikarudi. Wale wasio nayo, wakapewa homoni zile zile, kwa kiwango kile kile, na hakuna kilichotokea.

Soma tena hapo. Homoni ni zile zile. Kinachotofautiana ni vile ubongo wa huyu unaitikia. Ni kama kula karanga: wewe unashiba, mwenye mzio anakimbizwa hospitali. Karanga haijazidi. Na hakuna mtu humwambia mwenye mzio ajikaze.

Ndiyo maana pia kipimo cha damu cha homoni hakiwezi kukuambia una PMDD. Mtu akikuuzia hicho kipimo kwa elfu kadhaa akikuahidi jibu, linda pesa yako. Jibu linapatikana kwa daftari, na nitafika hapo.

Vile tunajipanga

Ukitaka kujua wanawake wanajisaidia vipi, usianzie hospitali. Anzia kwa kemisti ya mtaa. Unaingia, kuna wanaume wawili kwa foleni, unanong'ona "nipee ya tumbo." Unapewa vidonge vya mbao vimefungwa kwa karatasi, hakuna swali hata moja. Ibuprofeni inasaidia maumivu, hilo ni kweli. Lakini haiwezi kugusa ile hasira, wala ile huzuni. Kwa hivyo unameza, kichwa kinapoa, roho inabaki vile ilikuwa, na unaanza kuamini kwamba hiyo sehemu iliyobaki ndiyo wewe.

Halafu kuna mbinu za nyumbani. Chupa ya soda imejazwa maji moto na kufungwa na leso. Chai ya tangawizi. Kulala saa moja jioni na kusema umechoka na kazi. Kuzima data. Kuna rafiki yangu ambaye simu yake hulia kila mwezi tarehe fulani na ujumbe aliojiandikia mwenyewe: "Wiki hii usiache kazi. Usiachane na mtu. Usijibu barua pepe usiku." Tulicheka sana aliponionyesha. Halafu akaniambia aliuandika baada ya kuacha kazi mbili. Tuliacha kucheka.

Wengine wanapelekwa kuombewa. Sina vita na maombi, mimi mwenyewe naomba. Lakini nimeona msichana akikemewa pepo la hasira tarehe kumi na tano, akawa mtulivu tarehe kumi na nane, kanisa likashangilia ushindi, na mwezi uliofuata pepo "limerudi" na sasa kosa ni lake, ati hana imani. Manze, hiyo si pepo. Hiyo ni kalenda.

Wengine wanakunywa pombe ili wapitishe hizo siku, na pombe inaharibu usingizi na kuongeza huzuni. Wengine wanajitenga kabisa. Wengi zaidi wanafanya kile tulichofundishwa tangu darasa la sita: wananyamaza, wanatabasamu, wanalia bafuni, wanatoka. Hapo ndipo wahenga walisema mficha uchi hazai. Ugonjwa ukiuficha mpaka usikike kama siri ya aibu, hata daktari hatauona.

Sijaandika haya kuwacheka wanaotumia chupa ya maji moto. Mimi ninayo. Ninasema hivi: hizo ni mbinu za watu ambao hakuna mtu aliwaambia kuna mbinu nyingine. Na zipo.

Ya kwanza ni bure. Andika. Kila siku, kwa miezi miwili, dalili zako na ukali wake kutoka 1 hadi 6, na siku damu imeanza. Daftari la shilingi thelathini linatosha, au simu. Madaktari wanahitaji hiyo rekodi ya mizunguko miwili ili kuthibitisha PMDD, kwa sababu kumbukumbu hudanganya. Ukiona dalili zinapanda kabla ya damu na kuisha baada yake, umepata mwelekeo. Ukiona zipo mwezi mzima, pengine ni depresheni au kitu kingine, na hiyo pia ni habari ya maana, kwa sababu tiba itakuwa nyingine.

Ya pili ni za mwili. Mazoezi ya mara kwa mara yanasaidia wengi. Kalsiamu pia: katika jaribio la Marekani la 1998, wanawake waliomeza miligramu 1,200 kwa siku walipungukiwa na dalili kwa asilimia 48 kufikia mwezi wa tatu, huku waliomeza vidonge vitupu wakipungukiwa kwa asilimia 30. Si muujiza, lakini si bure. Na kabla hujakimbilia vidonge, kumbuka omena, maziwa na mboga za kienyeji zina kalsiamu.

Ya tatu ni za daktari. Kuna dawa za depresheni kama fluoksetini, ambayo Marekani iliidhinisha kutibu PMDD tangu mwaka wa 2000. Kitu cha ajabu ni kwamba kwa PMDD dawa hizi zinaweza kuanza kufanya kazi ndani ya siku chache, kwa hivyo wengine humeza nusu ya pili ya mwezi tu. Kuna aina fulani za vidonge vya kupanga uzazi. Kuna tiba ya mazungumzo. Lakini sikia: hizi hazinunuliwi kwa kunong'ona dirishani. Zinataka daktari, hasa kama wewe ni kijana, kwa sababu mwanzoni lazima uangaliwe.

Nchi nzima inajua pedi, basi

Lazima nitoe heshima panapostahili. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pedi mwaka wa 2004, kabla ya nchi nyingi za wakubwa. Mwaka wa 2017 sheria ya elimu ilibadilishwa ili serikali iwape wasichana wa shule pedi bila malipo. Mwezi wa Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na suti nyeupe yenye doa jekundu, akaambiwa atoke akabadilishe, na nchi nzima ikalazimika kuzungumza.

Lakini angalia tumezungumza kuhusu nini. Damu. Doa. Pedi. Kile kinachoonekana. Tumefanya hedhi iwe shida ya nguo. Hakuna pedi ya huzuni. Msichana anaweza kupewa pakiti yake, akashukuru, na bado wiki moja kabla ya hapo akakaa kwa mtihani akiangalia karatasi kama imeandikwa Kichina.

Kazini ni vile vile. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inakupa angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 kwa nusu ya malipo kila miezi 12, ukiwa umefanya kazi miezi miwili na una cheti cha daktari. Piga hesabu. Mtu mwenye PMDD anayepoteza siku mbili tu kila mzunguko, na mzunguko ni wa siku 28, anahitaji siku 26 kwa mwaka. Akianza Januari, kufikia Aprili siku za malipo kamili zimeisha. Kufikia katikati ya Julai hata zile za nusu zimeisha. Na kila mara alete cheti cha ugonjwa ambao msimamizi anaujua kama mzaha. Hapo sijataja yule anayeuza mitumba Gikomba ama anayesuka nywele, ambaye asipofungua hakuna chakula.

Zambia, ambayo si tajiri kutuliko, sheria yake ya ajira ya 2019 inampa mwanamke siku moja kila mwezi bila cheti na bila kueleza sababu. Sisemi tunakili na tufunge kitabu. Siku moja haimtibu mtu. Ninachosema ni kwamba inawezekana kuandika sheria ukikumbuka kwamba nusu ya wafanyakazi wana miili.

Najua mtaniambia nini

Mtasema: "Mkisema ni ugonjwa, waajiri wataacha kuwaajiri. Watasema mwanamke hawezi kuongoza." Hii hoja naiheshimu, na wanawake wengi wanaogopa hivyo kwa haki. Lakini hebu tuulizane: kwani sai haisemwi? Inasemwa kila siku, bila ushahidi, kwa wanawake wote, hata walio na miaka 60 ambao hedhi iliisha zamani. Kunyamaza hakujatulinda. Ukweli ungetulinda zaidi, kwa sababu ukweli una idadi: wengi wana dalili ndogo na wanafanya kazi sawa na yeyote, wachache wana hali kali na inatibika. Mzaha ndio unaoweka wote kwa gunia moja.

Mtasema: "Basi mtapata kisingizio cha kutukana watu." Zii. Kuwa mgonjwa hakukupi leseni ya kumuumiza mtu. Aliyekupigia kelele bila sababu anakudai msamaha, awe na PMDD au asiwe nayo. Lakini angalia pia upande wa pili: aliyekupigia kelele KWA sababu, usijifiche nyuma ya kalenda yake.

Na mama zetu mtasema: "Sisi tulilima, tukazaa, tukalea, hatukulalamika." Mama, shikamoo, na hilo najua. Lakini kutolalamika si ushahidi kwamba hamkuumia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wewe ulikuwa na bahati ya mwili mmoja, binti yako ana mwingine, na hata ndugu wa tumbo moja hawafanani.

Na kwa wanaodhani nimekuza kitu kidogo, nisome hapa polepole. Mwaka wa 2022 ulichapishwa uchunguzi wa karibu watu 600 kutoka nchi mbalimbali, waliojitokeza wenyewe, wanaoishi na PMDD. Asilimia 34 walisema wamewahi kujaribu kujitoa uhai. Theluthi moja. Hapa kwetu, mpaka juzi mtu wa aina hiyo akiokolewa angeweza kupelekwa kortini, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimfanya mhalifu. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kama wewe unayesoma hii uko kwa hiyo wiki sasa hivi na mawazo ni mazito, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu. Ni bure. Na mwambie mtu mmoja leo, usingoje damu ije.

Sasa tufanye nini

Wasichana: anza daftari leo, si mwezi ujao. Ukienda hospitali na rekodi ya miezi miwili mkononi, ni vigumu mtu kukuambia ni mawazo yako. Akikuambia hivyo bado, tafuta mwingine. Na usijigundue mwenyewe kutoka kwa video ya sekunde 30, hata kama ni yangu.

Mabro: hamhitaji kuwa madaktari. Ukijua dem wako, dadako au mathe ana hiyo wiki ngumu, muulize ikiwa imeisha, akiwa ametulia, "mwezi ujao unataka nifanye nini?" Wengine watasema uwaletee chakula. Wengine watasema uwaache. Fanya hivyo. Usimuulize katikati ya ugomvi kama ako kwa siku zake. Hakuna jibu zuri la hilo swali na wewe unajua.

Walimu: msichana akibadilika wiki moja kila mwezi, hiyo si nidhamu, ni mpangilio. Kabla ya kumwita mzazi kwa kesi, mwite msichana kwa mazungumzo. Na lile somo la hedhi likifundishwa, lisiishie kwa damu, na wavulana wasitolewe nje. Hao ndio mabosi wa kesho.

Mabosi wa leo: kubadilishana zamu, kufanyia kazi nyumbani siku mbili, kusogeza mkutano. Mnafanya hivyo kukiwa na mechi ya fainali. Mnaweza.

Na sisi wengine wote, tukianzia hapa mtandaoni ambapo huu mzaha unazaliana kama kunguni, kuna dawa ndogo ambayo nimeanza kuitumia na inafanya kazi. Mtu akisema "mwache, ako kwa siku zake," usicheke, na usianze kumhubiria. Muulize tu, kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Sawa. Lakini alikuwa anasema nini?"

Halafu ngoja ajibu.